Barabara moja, watu laki moja: je, Waarmenia wa Karabakh waliondoka kwa hiari?

Kati ya tarehe 24 Septemba 2023 na siku za kwanza za Oktoba, watu zaidi ya 100,000 walitoka Nagorno-Karabakh wakaingia Armenia. Ni karibu Waarmenia wote waliokuwa wakiishi huko. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulifika Stepanakert, mji mkuu wao, tarehe 1 Oktoba. Ulikuta mji mtupu, na taarifa yake ikakadiria kwamba waliobaki katika eneo lote ni kati ya 50 na 1,000. Serikali ya Azerbaijan ilisema wakati ule, na haijabadili kauli, kwamba hakuna aliyefukuzwa: watu walihakikishiwa kuwa wanaweza kubaki, wakaamua wenyewe kwenda.

Dai hilo ndilo ninalotaka kulipima. Hotuba za marais hazitatusaidia sana hapa. Tutazame mkate, dizeli, umeme, dawa na foleni, maana jamii hii haikuondolewa na mizinga peke yake. Kabla ya mizinga kulikuwa na miezi tisa ya barabara iliyofungwa, na bila kuielewa miezi hiyo huwezi kuielewa ile wiki moja ya Septemba.

Watu wenyewe

Nagorno-Karabakh, au Artsakh kama Waarmenia wanavyoiita, ni nchi ya milima na mabonde kusini mwa Caucasus. Watu wake huzungumza Kiarmenia chenye lahaja nzito kiasi kwamba mtu wa Yerevan, mji mkuu wa Armenia, akiingia sokoni Stepanakert hulazimika kutega sikio. Chakula chao kinachojulikana kuliko vyote ni zhingyalov hats: mkate mwembamba unaojazwa majani ya porini na ya bustanini, aina kumi hata ishirini, yaliyokatwakatwa, kisha unakandamizwa kwenye bamba la chuma lenye moto. Kila mama ana mchanganyiko wake, na majani huchumwa milimani theluji inapoyeyuka. Pombe yao ni ya forosadi, inayopikwa nyumbani na kutolewa kwa mgeni hata kama ni saa tatu asubuhi.

Monasteri ya Gandzasar imesimama juu ya kilima tangu karne ya 13. Amaras ni ya zamani zaidi. Mapokeo yao yanasema Mesrop Mashtots, aliyebuni alfabeti ya Kiarmenia karne ya 5, alifungua shule yake ya kwanza hapo. Karibu na kijiji cha Skhtorashen kuna mti uitwao Tnjri, unaosemekana kuwa na umri wa zaidi ya miaka 2,000, ambako familia zilikwenda kula na kupiga picha za harusi. Na kwenye kilima cha kuingilia Stepanakert kuna sanamu ya mwaka 1967, kazi ya mchongaji Sargis Baghdasaryan: vichwa viwili vikubwa vya mawe mekundu, bibi na babu, visivyo na miili, kana kwamba miili yao ndiyo mlima. Watoto wa huko walijifunza kuvichora kabla ya kujifunza kuandika.

Nayataja haya kwa sababu habari nyingi za Karabakh huwaeleza watu hawa kama tatizo la ramani. Walikuwa na chuo kikuu, timu za mpira, bendi za shule, ugomvi wa mipaka ya mashamba, mabibi waliouza mboga barabarani. Walikuwa jamii nzima.

Jinsi ardhi ilivyokuja kuwa na wenyewe wawili

Historia nitaipitia kwa haraka. Mwaka 1921 Wabolsheviki waliamua eneo hilo libaki ndani ya Azerbaijan ya Kisovieti na lipewe mamlaka ya ndani. Mkoa ukaundwa 1923, wakati huo wakazi zaidi ya tisa kati ya kila kumi wakiwa Waarmenia. Tarehe 20 Februari 1988 baraza la mkoa lilipiga kura kuomba kuhamishiwa Armenia. Siku chache baadaye Waarmenia waliuawa mitaani katika mji wa Sumgait, Azerbaijan. Waazerbaijani waliokuwa wakiishi Armenia nao walifukuzwa makwao. Muungano wa Kisovieti ukavunjika, na ugomvi ukawa vita kamili.

Katika majira ya baridi ya 1991 hadi 1992, watu wa Stepanakert waliishi kwenye vyumba vya chini ya majengo, maana makombora yalikuwa yakishuka kutoka Shushi, mji wa Waazerbaijani wakati huo, ulio juu yao mlimani. Februari 1992 mamia ya raia wa Kiazerbaijani waliuawa walipokuwa wakikimbia mji wa Khojaly. Vita viliposimama Mei 1994, Waarmenia walikuwa wameshika Karabakh pamoja na wilaya saba zinazoizunguka, kwa ukamilifu au kwa sehemu. Waazerbaijani zaidi ya nusu milioni walikuwa wamepoteza makazi. Mji wao wa Agdam ulivunjwavunjwa hadi ukabaki kuta.

Hili halisemwi vya kutosha na wanaowahurumia Waarmenia, nami ninawahurumia. Kwa miaka 26 watu wa Agdam na Fuzuli waliishi kwenye mabehewa ya treni, mabweni na vibanda huku wakiambiwa wasubiri. Viongozi wa Armenia wa miaka hiyo waliwaaminisha watu wao kwamba muda uko upande wao. Haukuwa. Azerbaijan ilikuwa ikiuza mafuta na gesi na kununua silaha.

Kisheria hakuna nchi iliyoitambua Artsakh, jamhuri ambayo Waarmenia hao waliitangaza, hata Armenia yenyewe. Muungano wa Kisovieti ulipokufa, mipaka ya ndani ya jamhuri zake ndiyo iliyogeuka mipaka ya kimataifa. Msomaji wa Afrika Mashariki anaifahamu kanuni hiyo bila kufundishwa. Wakuu wa nchi za Afrika waliipitisha Cairo mwaka 1964, Mwalimu Nyerere akiwa miongoni mwa waliotetea kwamba mipaka ya wakoloni ibaki ilivyo, na Wasomali wa wilaya za kaskazini mashariki mwa Kenya, waliotaka kuungana na Somalia, ndio walioilipia gharama yake hapa kwetu. Ina busara yake, kwa sababu imezuia vita vingi. Lakini haisemi chochote kuhusu namna ya kuishi na mtu ambaye mpaka ulimwangukia upande asioutaka. Hapo ndipo kisa hiki kilipo.

Septemba 27, 2020 Azerbaijan ilianzisha vita vya kurudisha ardhi. Vilidumu siku 44 na kuua maelfu ya watu kila upande, wengi wao vijana wa jeshi la lazima. Waarmenia walipoteza Shushi, Hadrut na zile wilaya zote zilizowazunguka. Katika makubaliano ya tarehe 10 Novemba yaliyosimamiwa na Urusi, kilichobaki cha Karabakh kiliunganishwa na Armenia kwa barabara moja tu, ile ya Lachin, ndani ya ukanda wenye upana wa kilomita 5. Walinda amani wa Kirusi 1,960 waliwekwa kuilinda. Kifungu cha 6 cha makubaliano kiliifunga Azerbaijan kuhakikisha usalama wa watu, magari na mizigo kwenye barabara hiyo, kwenda na kurudi.

Miezi tisa

Tarehe 12 Desemba 2022 kundi la Waazerbaijani waliojitambulisha kuwa wanaharakati wa mazingira lilikaa barabarani karibu na Shushi. Walisema wanapinga uchimbaji haramu wa madini. Walipiga mahema, wakabaki. Yeyote anayeijua Azerbaijan anajua kwamba maandamano yasiyotakiwa na serikali hayadumu hata saa moja. Haya yalidumu miezi minne na zaidi, mpaka serikali ilipoweka kituo chake cha ukaguzi kwenye daraja la Hakari tarehe 23 Aprili 2023. Ndipo wanamazingira wakakunja mahema wakaenda zao. Baku, yaani serikali ya Azerbaijan, ilieleza kwamba kituo ni cha kuzuia silaha na mabomu ya ardhini yanayopitishwa kutoka Armenia.

Kwa hesabu ya mamlaka za Artsakh, kabla ya hapo barabara hiyo ilikuwa ikiingiza karibu tani 400 za bidhaa kila siku. Sasa ikawa inapitisha magari ya walinda amani wa Kirusi na ya Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu tu. Kuna watu waliokuwa wamekwenda Yerevan kwa matibabu au shughuli za siku mbili tatu wakashindwa kurudi kwa watoto wao. Januari 2023 zikatolewa kadi za mgao: mchele, tambi, sukari, mafuta ya kula, kwa kipimo cha kila mtu kwa mwezi. Matunda na mboga zilipotea madukani, kisha dawa, kisha maziwa ya watoto.

Umeme nao ulikuwa ukitoka Armenia. Tarehe 9 Januari waya mkubwa uliharibika katika eneo lililo mikononi mwa Azerbaijan, na mafundi hawakuruhusiwa kwenda kuutengeneza. Wakabaki na umeme wao wa maji kutoka bwawa la Sarsang, ambao haukutosha, na kadiri walivyoutumia ndivyo bwawa lilivyozidi kushuka. Ukaja mgao wa saa kadhaa kila siku. Gesi ya kupasha joto nyumba ilikatwa, ikarudishwa, ikakatwa tena. Shule na chekechea zikafungwa kwa vipindi, maana katika milima ile huwezi kumweka mtoto darasani mwezi wa Januari bila joto. Familia zilirudia majiko ya kuni, na miti ya pembeni mwa mji ikaanza kupungua.

Februari 22, 2023 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, iliiamuru Azerbaijan ichukue kila hatua iliyo katika uwezo wake ili watu, magari na mizigo vipite bila kizuizi. Amri za mahakama hiyo zina nguvu ya kisheria. Barabara haikufunguliwa.

Majira ya kuchipua yalileta nafuu kidogo, na nafuu yenyewe ilitoka milimani: majani ya zhingyalov hats yalianza kuota. Lakini tarehe 15 Juni, baada ya kurushiana risasi karibu na daraja, Azerbaijan ikafunga hata misaada ya Warusi na, kwa sehemu kubwa, ya Msalaba Mwekundu. Kuanzia hapo njaa ikawa ya kweli. Mwezi Julai mabasi yalisimama kwa kukosa mafuta, na watu wakawa wanatembea kwa miguu hospitalini, kazini, makaburini.

Kuna jambo katika kiangazi hicho ambalo kwangu linaeleza mzingiro kuliko takwimu yoyote. Vijijini chakula kilikuwepo. Nyanya ziliiva, viazi vilichimbwa, ng'ombe walikamuliwa. Mjini watu walipanga foleni ya mkate tangu usiku. Kati ya kijiji na mji palikosekana dizeli tu. Mkulima alikuwa na mzigo ambao hakuweza kuusafirisha, trekta lake halikuweza kuvuna ngano, na baadhi ya mashamba yaliyo karibu na mstari wa majeshi yalikuwa yakipigwa risasi wakulima wakiwa kazini. Waliobahatika kuwa na punda au farasi wakawa wachukuzi. Watu wakabadilishana vitu: nepi kwa sukari, sigara kwa mayai. Ukiifunga barabara moja, unakuwa umezifunga zote zilizo ndani yake.

Tarehe 26 Julai Armenia ilipeleka malori 19 yenye tani 361 za chakula na dawa hadi Kornidzor, kijiji cha mwisho kabla ya daraja. Malori yale yalikaa pale wiki kadhaa. Siku tatu baadaye mgonjwa mmoja aliyekuwa akisindikizwa na Msalaba Mwekundu kwenda kutibiwa moyo Armenia alikamatwa kwenye kituo cha ukaguzi, akatuhumiwa kushiriki mauaji ya mwaka 1991, na baadaye akahukumiwa kifungo cha miaka 15. Agosti wakakamatwa wanafunzi watatu. Waliachiwa baada ya siku kumi. Kesi hizi zilikuwa chache, lakini ujumbe wake ulimfikia kila mwanamume wa Karabakh, kwani kwa miaka 30 hapakuwa na mwanamume ambaye hakuwahi kuvaa sare ya jeshi. Kila mmoja alijiuliza jina lake liko kwenye orodha gani.

Azerbaijan ilijibu lawama kwa kutoa njia nyingine: chakula kipite Agdam, yaani kitoke Azerbaijan yenyewe. Waarmenia waliweka vizuizi vya zege na hema la maandamano karibu na Askeran kuikataa. Wapo waliowashangaa: mtu mwenye njaa anakataaje unga? Naona hofu yao ilikuwa na msingi, kwa sababu kuikubali Agdam huku Lachin imefungwa kulikuwa na maana ya kumkabidhi ufunguo wa ghala yuleyule aliyelifunga. Hata hivyo nadhani viongozi wao walichelewa mno kutafuta suluhisho la kufungua zote mbili. Lilipopatikana, tarehe 18 Septemba, magari ya Msalaba Mwekundu yaliingia kwa wakati mmoja kutoka Lachin na kutoka Agdam, yakiwa na unga na dawa.

Kesho yake mchana, tarehe 19 Septemba, mizinga ikaanza.

Wiki moja

Mapigano yalichukua saa 24. Jeshi dogo la Artsakh, lenye njaa na lisilo na mafuta, lilikubali kusalimisha silaha tarehe 20 saa saba mchana. Zaidi ya watu 200 wa upande wa Waarmenia walikufa, wakiwemo raia na watoto; Azerbaijan nayo ilitangaza kupoteza askari karibu 200. Walinda amani wa Kirusi hawakuzuia chochote, na baadhi yao waliuawa. Watu wa vijijini walikimbilia uwanja wa ndege wa Stepanakert, kilipokuwa kikosi cha Warusi, wakalala chini kwenye lami. Wengi waliachana na ndugu zao na hawakuwa na simu wala umeme wa kuwatafuta.

Tarehe 24 Septemba, barabara iliyokuwa imefungwa miezi tisa ikafunguliwa, kwa upande mmoja: wa kutoka.

Safari ya Stepanakert hadi Goris, mji ulio ndani ya Armenia, ni kama kilomita 100, saa mbili kwa gari. Sasa ilichukua siku nzima, kwa wengine siku moja na nusu na zaidi. Magari yalipanga msururu mlimani yakiwa na magodoro juu ya paa, na wazee kadhaa walikufa njiani. Kabla ya kuondoka watu walifagia nyumba, wakafungua milango ya mabanda ili kuku na ng'ombe wajitafutie, wakapita makaburini. Mwaka 2020, walipoiacha wilaya ya Kelbajar, Waarmenia wengi walizichoma nyumba zao kwa hasira. Safari hii wengi waliziacha zilivyo.

Tarehe 25 ghala la mafuta nje ya Stepanakert lililipuka wakati mamia ya watu wakisubiri kujaza magari ili waondoke. Waliokufa walizidi 200, yaani karibu sawa na waliouawa katika shambulio lenyewe. Ni watu ambao hawangekuwa pale, wakichota mafuta kwa pupa, kama dizeli isingekuwa haramu kwa miezi tisa. Watu hawa siwezi kuwatenga na hesabu ya mzingiro.

Tarehe 28 rais wa Artsakh, Samvel Shahramanyan, alitia saini amri ya kuivunja jamhuri kufikia Januari 1, 2024. Viongozi kadhaa, akiwemo mfanyabiashara Ruben Vardanyan, walikamatwa barabarani na kupelekwa Baku.

Je, walichagua?

Twende kwa haki. Jeshi la Azerbaijan halikuingia nyumba kwa nyumba kuwapakia watu kwenye malori. Serikali ilifungua mfumo wa kuwaandikisha wanaotaka kubaki, ikaahidi haki sawa za raia. Wazee na wagonjwa kadhaa walibaki kweli. Anayesema kila mtu alisukumwa kwa bunduki mgongoni hasemi kweli.

Lakini uamuzi hupimwa kwa kilichokuwepo upande wa pili wa mizani. Kubaki kulikuwa na maana ya kukubali uraia wa nchi ambayo majuzi ilikunyima unga, bila mlinzi wa kimataifa hata mmoja, bila makubaliano yaliyoandikwa kuhusu lugha, shule na kanisa lako, huku viongozi wako wakipelekwa gerezani. Kijana wa miaka 30 wa Stepanakert hakuwahi maishani kuongea na Mwazerbaijani ila kupitia darubini ya bunduki, na Mwazerbaijani wa umri wake hali kadhalika. Video za mwaka 2020 zinazoonyesha wazee wa vijijini wakikatwa vichwa kila mtu alikuwa ameziona. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Na hawa walikuwa na mabibi waliokimbia Sumgait na Baku, waliozijua simulizi za Shushi ya mwaka 1920, mtaa wa Waarmenia ulipochomwa.

Mahakama ya uhalifu wa kivita ya Yugoslavia ya zamani ilishaliamua jambo hili katika kesi za Bosnia: kuhamishwa kwa nguvu hakuhitaji nguvu za mikono. Hofu ya kutendewa ukatili, mbinyo na mazingira yanayomwondolea mtu uwezo halisi wa kuchagua, vyote vinatosha. Kwa kipimo hicho sioni jinsi mtu anavyoweza kuitazama ile foleni ya mkate ya Agosti, kisha mizinga ya Septemba, kisha barabara iliyofunguliwa kwa kutokea tu, akasema hii ilikuwa hiari. Familia ziliamua siku ya kuondoka na vitu vya kubeba. Kuondoka kwenyewe kulikuwa kumeshaamuliwa na wengine.

Wageni kwa ndugu zao

Armenia ina watu karibu milioni 3. Kupokea zaidi ya 100,000 kwa wiki moja ni mzigo ambao nchi tajiri zimeukimbia, na Waarmenia waliubeba: shule, hoteli, nyumba za ndugu, makanisa. Kila mtu alipewa dram 100,000 (fedha ya Armenia) za kuanzia, kisha dram 40,000 za kodi na 10,000 za umeme na maji kila mwezi. Fedha hizo hazikutosha Yerevan, ambako kodi za nyumba zilikuwa zimeshapandishwa na Warusi waliokimbia vita vya Ukraine, na tangu 2025 zimepunguzwa. Machi mwaka huo maelfu ya waliohama walijaa barabarani Yerevan kudai haki zao.

Jambo lililowachoma zaidi, kwa wengi, ni pasipoti. Kwa miaka yote Waarmenia wa Karabakh walitumia pasipoti za Jamhuri ya Armenia, zilizotofautishwa na namba 070, na walijihesabu raia. Oktoba 2023 serikali ya Yerevan iliwapa hadhi ya hifadhi ya muda, yaani ukimbizi, ikaeleza kuwa pasipoti zile zilikuwa hati za kusafiria tu. Mtu amepoteza nyumba Stepanakert akaambiwa na ndugu yake kwamba hakuwahi kuwa mwananchi. Sasa ruzuku ya nyumba, inayofika dram milioni 5 kwa kila mwanafamilia kwa wanaokubali kuishi vijiji vya mbali na vya mpakani, hutolewa kwa sharti la kuchukua uraia. Wanaosita wana hoja: wanaogopa kwamba wakiwa raia kamili wa Armenia, watahesabiwa kuwa hawana tena cha kudai Karabakh. Wanaochukua wana watoto wa kulaza. Maelfu wameshavuka kwenda Urusi kutafuta kazi.

Jamii inajishona upya kwa namna yake. Migahawa midogo ya zhingyalov hats imefunguliwa Yerevan na watu waliokuwa walimu na wahasibu. Lahaja yao inasikika kwenye mabasi. Ila lahaja inahitaji kijiji, na watoto walioingia darasa la kwanza katika miji ya Armenia kama Masis au Abovyan watazungumza kama wenzao wa Masis na Abovyan. Vijiji vya Karabakh vilikuwa na matamshi tofauti kila baada ya kilima kimoja. Sasa watu wa kijiji kimoja wametawanyika kwenye mikoa mitano. Wasomi wa lugha wangepaswa kuwa mitaani na vinasa sauti hivi leo, wazee wakiwa bado hai.

Huko walikotoka, Stepanakert inaitwa Khankendi kwenye vibao vyote. Familia za Waazerbaijani zimehamishiwa humo, na chuo kikuu kipya, cha Karabakh, kilifunguliwa Septemba 2024. Picha za satelaiti zilionyesha kwamba kanisa la Yohana Mbatizaji la Shushi, lililojengwa karne ya 19, lilikuwa limebomolewa kufikia Aprili mwaka huo. Kijiji cha Karintak, chini ya jabali la Shushi, kimesawazishwa. Siwalaumu watu wa Khojaly na Agdam kwa kurudi kwao. Walisubiri miaka 30 na haki yao ni ya kweli. Ninaloshindwa kulikubali ni kwamba haki yao itimizwe kwa kufuta makaburi ya jirani.

Tarehe 17 Novemba 2023 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa amri nyingine: kila aliyeondoka baada ya Septemba 19 na anayetaka kurudi awezeshwe kurudi kwa usalama, bila kizuizi na bila kucheleweshwa, na hati za usajili, vitambulisho na umiliki wa mali zitunzwe. Lakini mkataba wa amani ambao Armenia na Azerbaijan ziliuwekea saini za awali Washington tarehe 8 Agosti 2025 hautaji kurudi kwa watu hawa, na una kifungu cha kuondoa mashauri ambayo nchi hizi zimefunguliana katika mahakama za kimataifa. Waziri Mkuu Nikol Pashinyan anaona kuwa kulifufua suala la kurudi ni kuhatarisha amani, na baada ya vita vitatu sioni ajabu kwamba wananchi wengi wa Armenia wanamwelewa.

Amani hiyo naitaka itimie. Ila mashauri yale yakifutwa, amri ya Novemba 2023 itakosa wa kuisimamia, na pamoja nayo ulinzi pekee wa kisheria wa hati za nyumba na mashamba ya watu 100,000. Kuna mambo yanayoweza kuwekwa mezani bila kugusa mpaka hata kwa sentimita moja: rejista ya mali itunzwe na chombo cha tatu, wafungwa walioko Baku waachiwe, makanisa yaliyobaki yakaguliwe na UNESCO, na familia ziruhusiwe kwenda makaburini mara moja kwa mwaka, kama ambavyo watu wa Agdam wangepaswa kuruhusiwa kwa miaka ile 26. Hakuna hata moja kati ya hayo lililoandikwa kwenye mkataba, na wanaojadiliana bado wana nafasi ya kuliandika.